Jumatano: Pishi ya Mana na Ghala la Yusufu

Soma Kutoka 16:16–26. Kwa nini mana iliyobakizwa siku ya kawaida iliharibika, lakini ile ya siku ya sita ikadumu hadi Sabato?

Chakula kilikuwa kile kile. Ya kwanza iliwekwa kwa kutomwamini Mungu, ya pili kwa kumtii. Kuweka akiba, basi, si dhambi. Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mazao ya Misri kwa miaka saba (Mwanzo 41:34–36).

Wengi wetu tunakumbuka Januari na Februari 2024. Mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na sukari ikaadimika nchi nzima. Serikali ilitangaza bei elekezi isiyozidi shilingi 3,200 kwa kilo, lakini katika maduka mengi ilipita 4,000. Mwenye fedha alisikia uvumi akanunua mfuko mzima wa kilo 50. Mama aliyezoea kununua robo kilo aliambiwa imekwisha. Yule wa kwanza hakuiba. Alilipa kila senti. Lakini soma Mithali 11:26. Ni nani anayelaaniwa pale, na kwa kosa gani?

Angalia wakati. Yusufu aliweka nafaka miaka ya shibe, wala hakumpunguzia mtu chakula cha siku ile. Njaa ilipokuja, akafungua ghala (Mwanzo 41:56). Anayekimbilia dukani siku ya uhaba hufanya kinyume: huchukua wakati wenzake wanahitaji, kisha hufunga mlango.

Kwetu Lukuledi, miaka ya shibe ya Yusufu ni zile wiki baada ya mavuno, na tena fedha ya korosho inapoingia. Hapo mahindi huuzwa kwa bei ya kutupa, wali wa sherehe humwagwa kwa masufuria, na njaa ya Februari hupandwa. (Tusiseme ni ya majirani tu, sherehe zetu za kanisani nazo zina majalala yake.) Wazee waliokausha makopa na kuhifadhi mahindi darini juu ya moshi wa jiko walilijua hili. Hata hivyo ghala nalo lina kiasi. Dumuzi, mdudu aliyeingia nchini mwetu karibu na mwaka 1980, hugeuza gunia lililosahauliwa kuwa vumbi katika miezi michache. Aliyerundika kuliko awezavyo kula au kugawa anamlisha mdudu, kama wale wa jangwani.

Soma Yohana 6:12, 13. Aliyetoka kulisha maelfu kwa mikate mitano angeweza kufanya mingine kesho yake. Kwa nini basi aliagiza vipande viokotwe?

Jadilini darasani: Una mfuko wa sukari ulioununua mwezi uliopita kwa bei ya zamani. Leo bei imepanda, na jirani asiye wa imani yako anaomba nusu kilo kwa ajili ya uji wa watoto. Utamwuzia kwa bei ipi?