Biskuti za Krismasi: Oka, Uza, na Ufike Januari na Pesa Yako

Wiki ya tatu ya Desemba, stendi za magari hujaa watu wanaokwenda ushago. Kila mmoja amebeba kitu: mkate, sukari, majani chai, nguo mpya za watoto. Shosho hatembelewi mikono mitupu. Ndiyo maana boksi la biskuti zilizookwa nyumbani huuzika haraka mwezi huu, na wateja wetu wanaooka jikoni kwao huanza kupokea oda mapema.

Shida huja baadaye. Januari inafika, shule zinafunguliwa, mwenye nyumba anabisha hodi, na aliyeoka mwezi mzima anaangalia simu yake, hakuna kitu. Biskuti zilikuwa tamu na zote ziliisha. Sasa pesa ilienda wapi?

Mara nyingi haikuibiwa. Ilipotea polepole kwa njia tatu: bei iliyowekwa kwa kubahatisha, oda zilizookwa bila malipo ya awali, na pesa ya biashara iliyokaa laini moja na pesa ya nyumbani. Wakati mwingine kuna ya nne, meseji bandia ya malipo. Katika somo hili tutaoka donge moja la biskuti, tulipigie hesabu, kisha tuone jinsi ya kuilinda pesa yake mpaka Januari.

1. Donge moja la biskuti

Kwa donge moja utahitaji:

- Unga wa ngano gramu 400
- Siagi au margarini gramu 250
- Sukari gramu 150
- Yai 1
- Beking pauda kijiko 1 cha chai
- Vanila kidogo, au iliki iliyosagwa
- Chumvi kidogo sana

Acha margarini ilainike bila kuyeyuka. Ipige pamoja na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyepesi na rangi yake ipauke. Ongeza yai na vanila, upige tena. Chekecha unga, beking pauda na chumvi, kisha uvitie humo. Hapa usikande kama unga wa chapati. Changanya tu mpaka donge lishikane, basi. Ukilikanda sana, biskuti zitakuwa ngumu kama jiwe.

Funika donge uliweke kwenye friji nusu saa, au mahali penye baridi kama huna friji. Donge likipoa, biskuti hazitambai na kushikana kwenye trei. Kisha gawanya vipande vya gramu 20, kila kimoja kama saizi ya ndimu ndogo, uvibonyeze kwa uma. Utapata kama biskuti 42.

Oka kwa nyuzi 170 hadi 180 kwa dakika 12 hadi 15. Kingo zikianza kuwa na rangi ya dhahabu, toa. Zikiwa moto zitaonekana laini bado; usizirudishe. Hukauka zenyewe zikipoa.

Huna oveni? Usijali. Weka mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, upashe moto kama dakika 15, weka vijiwe vitatu juu ya mchanga, halafu trei yako juu ya vijiwe. Funika, uweke makaa machache juu ya kifuniko ili joto litoke pande zote mbili. Anza na biskuti tatu za majaribio, kwa sababu kila jiko lina moto wake.

2. Hesabu ya donge hilo

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari sasa. Bei tulizotumia hapa ni za mfano tu. Wewe weka bei za duka lako.

- Unga: pakiti ya kilo 2 kwa Ksh 180, tumetumia gramu 400 = Ksh 36
- Margarini gramu 250 = Ksh 130
- Sukari: kilo kwa Ksh 160, tumetumia gramu 150 = Ksh 24
- Yai = Ksh 15
- Vanila, beking pauda na chumvi = Ksh 25

Jumla ya vitu vya kuokea ni Ksh 230. Katika zile biskuti 42, mbili zitavunjika au zitaliwa na watoto kabla hujageuka. Hesabu 40, yaani maboksi manne ya biskuti kumi kumi.

Sasa jirani anakwambia, "Uza boksi 150, watu watanunua." Maboksi manne ni Ksh 600. Ukitoa 230 unaona faida ya 370. Unafurahi. Lakini kuna vitu ambavyo hukuviandika:

- Maboksi manne ya karatasi, Ksh 30 kila moja = Ksh 120
- Gesi au makaa = Ksh 60
- Saa zako mbili za kazi, kwa Ksh 100 kila saa = Ksh 200

Jumla kamili ni Ksh 610. Umeuza 600. Kumbe ukijilipa hata kidogo tu, umepata hasara ya shilingi 10 kwa kila donge, na kadiri unavyouza zaidi ndivyo unavyopoteza zaidi.

Ukiuza boksi kwa Ksh 220, maboksi manne ni Ksh 880. Toa 610, inabaki faida ya Ksh 270, na bado umejilipa zile 200. Mteja akisema ni bei ghali, mweleze kilichomo: margarini halisi, iliki, boksi safi, na zimeokwa wiki hii hii. Atakayekataa, mwache aende kwa amani. Usipunguze mpaka unaoka bure.

Kuhusu boksi, kumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Boksi la karatasi au mkebe unaofunga vizuri hukuepusha na matatizo, na pia hupendeza kama zawadi.

3. Oka kwa pesa ya oda

Tuseme umepata oda za maboksi 60. Hayo ni madonge 15. Pesa taslimu utakayohitaji kwa vitu vya kuokea, maboksi na makaa ni Ksh 410 kwa donge, jumla Ksh 6,150. Wengi hapa hukimbilia mkopo wa simu, au huchukua pesa ya kodi wakiamini itarudi.

Iko njia nyingine. Omba kila mteja alipe nusu anapoweka oda: Ksh 110 kwa boksi. Maboksi 60 yanakuletea Ksh 6,600 kabla hujawasha jiko. Hiyo inatosha gharama zote za kununua, na Ksh 450 zinabaki. Siku ya kuchukua biskuti, nusu ya pili inaingia, Ksh 6,600 nyingine. Ukijumlisha na zile 450, una Ksh 7,050 mkononi, bila mkopo na bila kugusa kodi. Katika hizo, Ksh 3,000 ni malipo ya saa zako 30 za kazi na Ksh 4,050 ni faida. Hapo sasa unaweza kuzungumza kuhusu sare na vitabu vya Januari.

Kuna faida nyingine. Aliyelipa nusu hurudi kuchukua. Aliyesema tu "niwekee kumi" anaweza kusafiri tarehe 22 akakuachia biskuti mezani.

Kuomba malipo ya awali huwapa watu aibu, hasa kwa majirani na watu wa kanisani. Jaribu maneno haya: "Asante sana mama kwa oda yako. Ninanunua vitu kulingana na oda zilizolipiwa nusu, kwa hivyo ukituma 440 leo kwa maboksi manne, nitakuwekea. Iliyobaki utalipa ukichukua." Ni heshima, na ni wazi. Masharti ni yale yale kwa kila mtu, hata kwa dada yako.

4. Tenga pesa ya biskuti

Pesa ya biskuti ikiingia kwenye laini yako ya kila siku, itanunua tokeni za stima, nauli na mboga bila wewe kujua. Pokea malipo yote ya biashara mahali pamoja: namba ya till, au laini ya pili usiyoitumia kwa mambo ya nyumbani. Angalia ada za huduma unayotumia kabla ya kuchagua, kisha uziweke kwenye hesabu yako ya gharama.

Kwenye daftari, andika mistari mitano kwa kila oda: jina la mteja, idadi ya maboksi, kiasi alicholipa, tarehe, na msimbo wa muamala ulio kwenye meseji ya malipo. Kila muamala una msimbo wake. Mteja akisema, "Mimi nilishamaliza kulipa," hamtagombana, mtaangalia misimbo. Ukitaka kuhakikisha zaidi, omba taarifa ya miamala ya laini hiyo na uilinganishe na daftari.

Ukishapata zile Ksh 7,050, hamisha pesa ya shule siku hiyo hiyo kwenda akaunti yako ya akiba. Usingoje tarehe 31.

5. Meseji si pesa

Tarehe 23 na 24 ndizo siku hatari. Una foleni mlangoni, mikono ina unga, boda boda anapiga honi. Mtu anakuonyesha simu yake: "Nimetuma, ona." Unaona jina lako, unaona kiasi, unampa maboksi sita. Jioni unagundua hakuna kilichoingia. Maboksi sita ni Ksh 1,320, zaidi ya kazi ya siku nzima.

Shika kanuni hizi nne:

Kwanza, simu ya mteja si ushahidi. Ushahidi ni salio lako. Meseji ya kweli inakuja kwenye simu yako, kwa jina la huduma, si kutoka namba ya kawaida ya mtu. Ukiwa na shaka, angalia salio kabla ya kutoa boksi. Mteja mwaminifu atangoja dakika moja.

Pili, mtu akikupigia na kusema, "Nimetuma kwako kimakosa, nirudishie," usitume chochote kutoka mfuko wako. Angalia salio kwanza. Kama pesa iliingia kweli, mwambie afuate njia rasmi ya kurudisha muamala kwa kampuni yake ya simu. Ukimtumia wewe mwenyewe halafu muamala wa kwanza urudishwe, umelipa mara mbili.

Tatu, PIN ni yako peke yako. Hakuna mhudumu wetu atakayekupigia kuiuliza, wala ya kukuomba ubonyeze namba fulani "kufungua malipo ya Krismasi". Kata simu.

Nne, mweke mtu mmoja tu kwenye simu. Kama wewe unafunga maboksi, kijana wako aangalie malipo na akutajie: "Imeingia, 660, ya Mama Brayo." Anayeshika simu asishike biskuti.

6. Ratiba ya karibu wiki tatu

- Tarehe 5 hadi 10: pokea oda na nusu malipo. Funga orodha tarehe 10.
- Tarehe 11 na 12: nunua vitu vyote kwa bei ya jumla. Kabla ya kuthibitisha malipo kwa muuzaji, soma jina linalotokea kwenye simu.
- Tarehe 13 hadi 21: oka madonge mawili kwa siku, siku ya mwisho iwe ya mapumziko au ya kufidia. Biskuti kavu zisizo na krimu hukaa vizuri wiki mbili kwenye mkebe uliofungwa, zikishapoa kabisa. Ukizifunga zingali moto, zitalowa.
- Tarehe 22 hadi 24: wateja wachukue na wamalize kulipa.

Ukiona biashara inakua zaidi ya majirani, uliza ofisi za kaunti yako kuhusu kibali cha biashara na cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Duka kubwa nalo litataka alama ya ubora ya KEBS kabla ya kuweka pakiti zako kwenye rafu.

Zoezi la leo

Kabla ya kulala, andika bei halisi za dukani kwako na ujibu maswali matatu. Donge moja linakugharimu shilingi ngapi, pamoja na boksi, makaa na saa zako? Nusu ya bei unayotaka kuuza inatosha kununua vitu vyote? Pesa ya Januari utaihamishia wapi, na tarehe gani?

Kama nusu ya bei haitoshi, bei yako iko chini. Ipandishe sasa, kabla ya oda ya kwanza. Ukishampa mtu bei, ni vigumu kumrudia.

Tunakutakia jiko lenye moto mzuri, na Krismasi njema wewe na jamaa zako.