Dondoo muhimu: Likizo ya familia milima ya Usambara

Pandeni kutoka Mombo asubuhi, na msiwajaze watoto chai ya maziwa kabla ya kona za barabara ya Lushoto. Sweta ni lazima. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi kali.

Anzeni na matembezi ya Irente. Ukingo wa mlima unakatika ghafla, nyika ikitanda chini. Hapo kila mtoto ashikwe mkono. Shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), liko njiani. Nunueni jibini na mkate. Msitu wa Magamba usubiri miguu izoee, tena mwende na kiongozi mwenyeji. Familia tulivu ndiyo huwaona mbega.

Ibada ya familia ifanyeni humo humo msituni, iwe fupi. Someni Zaburi ya 104 polepole, kila mtoto ataje kiumbe alichokiona, kisha amshukuru Mungu kwa maneno yake mwenyewe. Wazazi, msihubiri, sikilizeni. Kwangu hilo linazidi kilele chochote.

Epukeni Machi hadi Mei: mvua za masika hufanya njia ziteleze.