SOMO LA LUGHA: KUTAMANI, KUTARAJIA NA KUAHIDI



Katika vijiji vilivyo karibu na migodi mikubwa, karatasi nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, ndipo zikafasiriwa. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ulifuata mwaka 2001. Kampuni zilizoifungua zilitoka nchi za mbali, na taarifa zao huziandika kwa Kiingereza. Karatasi ikifika kwenye mkutano wa kijiji, mtu anasimama, anafasiri. Hapo neno moja linaweza kugeuka likawa jingine, na watu wakarudi nyumbani wakijua wameahidiwa zahanati, kumbe hawakuahidiwa kitu.

Leo tutazame neno moja la Waingereza. Huandikwa "aspire", husomwa "aspaya". Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani, na maana yake ya kwanza ilikuwa kupuliza pumzi kuelekea kitu. Baadaye likawa na maana ya kutaka sana kufikia jambo la juu. Si ajabu. Sisi nasi husema "roho inataka", na roho na pumzi hazikai mbalimbali.

Mwingereza halitumii neno hili ovyo. Binti wa Kahama anasoma usiku kwa taa ili siku moja awe nesi. Huyo neno linamfaa. Mchimbaji wa Rwamgasa anaweka akiba kidogo kidogo ili anunue karasha yake mwenyewe ya kusaga mawe. Naye linamfaa. Lakini mtu anayetaka kikombe cha chai halimfai, maana chai si jambo la juu. Wala halimfai mkulima wa Shinyanga anayetazama mawingu mwezi wa kumi na moja. Mvua haiji kwa juhudi yake. Kwa mvua, Mwingereza ana neno jingine, la kutumaini tu.

Je, kwa Kiswahili tusemeje? Hapa pana kazi, kwa sababu hatuna neno moja linalotosha. Tunayo kadhaa, na kila moja lina uzito wake.

Kutamani ni moyo kuvutwa. Unaweza kutamani umelala. Tena neno hili lina ndugu yake mwenye sura mbili, yaani tamaa. Tukisema "fulani ana tamaa", tunamlaumu. Lakini tukimwambia mgonjwa "usikate tamaa", tunamtia nguvu! Neno lilelile. Kwenye machimbo ya dhahabu sura zote mbili mnazijua.

Kutumaini ni kuamini kwamba jema litakuja, mara nyingi kwa mkono wa mwingine. Kutarajia ni zaidi, kwa sababu kuna dalili. Ukisema "natarajia magunia 10", umeshaliona shamba. Mama mjamzito naye husemwa kwamba anatarajia, na mtoto yumo tumboni tayari. Siku hizi watu husema pia "nategemea kuja kesho". Maneno hayo ya mjini yamezoeleka, lakini kutegemea hasa ni kuegemea kitu, kama mzee na mkongojo.

Kunuia, au kutia nia, ni kuamua moyoni kwamba nitafanya. Hili ndilo lililo karibu zaidi na lile la Waingereza. Angalia uchaguzi ukikaribia, kama ulivyokuwa mwaka 2020 na 2025. Wanaotaka ubunge huitwa watia nia. Hawajateuliwa, hawajachaguliwa, wametia nia tu. Magazeti ya Kiingereza ya Kenya huwaita watu wa namna hiyo kwa jina lililotoka kwenye "aspire". Na kila mwananchi anajua kwamba mtia nia si mbunge.

Kuazimia ni kukata shauri hadharani. Ndiyo maana uamuzi wa mwaka 1967 uliitwa Azimio la Arusha. Kama lingeitwa Tamanio la Arusha, nani angelisikiliza? Mwisho kuna kuahidi. Aliyeahidi ana deni.

Sasa turudi kwenye karatasi. Tuseme imeandikwa kwa Kiingereza kwamba kampuni "aspires" kuwapatia wanakijiji maji safi. Mfasiri mmoja anasema, "Kampuni itawaletea maji." Amezidisha. Mwingine anasema, "Kampuni inatarajia kuleta maji." Naye amezidisha, maana watu wataona kama mabomba yako njiani. Tafsiri ya haki ni hii: "Kampuni ingependa, na inajitahidi, siku moja iwapatie maji." Haina tarehe. Haina kiasi cha fedha. Hamwezi kwenda nayo kwa mkuu wa wilaya mkadai.

Msione kwamba aliyeandika hivyo ni mwongo. Inawezekana anataka kweli. Lakini penye maji, barabara na fidia, msomaji atafute kitenzi chenye deni.

Na kwa migodi, karatasi yenye uzito ipo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii, akubaliane na halmashauri. Huo ndio wa kuulizia mkutanoni. Mwulizeni diwani wenu: kwenye mpango wa mwaka huu, kijiji chetu kimeandikiwa nini, na kwa kitenzi gani?

Hata kwenye duara mambo ni hayohayo. Mwenye duara akisema, "Tukipata mawe nategemea kukufikiria," mchimbaji asishuke shimoni kwa neno hilo. Amwombe aseme "nitakupa", ataje mifuko mingapi, na waandike mbele ya shahidi. Wewe sasa unajua kuandika.

ZOEZI. Soma sentensi hizi. Ipi ina deni?

1. Mgodi una nia ya kuajiri vijana wa kijiji.
2. Halmashauri itachimba kisima kimoja Mwabomba kabla ya tarehe 30 Juni.
3. Mwenye leseni anatumaini wachimbaji watafurahi.
4. Tunatarajia kulipa fidia hali ikiruhusu.

Jibu ni ya 2. Ya 4 iliwahi kuwanasa wengi darasani kwa sababu ya neno "kulipa". Tazama tena maneno matatu ya mwanzo na ya mwisho: "tunatarajia", na "hali ikiruhusu".