Njia za Kuufikia Udaktari kwa Aliyekosa Alama za Kidato cha Sita

Kila mwaka mwezi Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, nyumba nyingi hushangilia na nyingine nyingi huingia kimya. Katika nyumba hizo za kimya wamo vijana waliosoma Fizikia, Kemia na Biolojia kwa nia ya kuwa madaktari, na ambao karatasi ya matokeo imewaonyesha kwamba alama zao hazikutosha. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi na walimu wanaoulizwa ushauri wakati huo. Tutaeleza ni njia zipi bado ziko wazi, kila njia yagharimu miaka mingapi, na ni makosa gani madogo yawezayo kuifunga.

Alama zinazodaiwa

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humtaka mwombaji wa shahada ya udaktari wa binadamu awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kwa jumla isiyopungua pointi 6, na asiwe chini ya D katika somo lolote kati ya hayo matatu. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepata C ya Biolojia, D ya Fizikia na E ya Kemia. Jumla yake ni pointi 6 kamili, lakini hawezi kudahiliwa, kwa kuwa Kemia yake iko chini ya D.

Yafaa pia kukumbuka kwamba hizo ni alama za kumruhusu mtu aombe. Nafasi vyuoni ni chache kuliko waombaji, na chuo huanza kuchagua kutoka juu. Kwa hiyo mwenye D tatu anazo sifa, ila huenda akazidiwa na wenzake. Kukosa sifa na kuzidiwa katika ushindani ni maradhi mawili tofauti, na tiba zake hazifanani. Kijana na aanze kwa kujiuliza anaugua lipi.

Mtihani hupima nini?

Mimi hufundisha fiziolojia wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza. Katika darasa moja huketi pamoja vijana waliotoka moja kwa moja Kidato cha Sita na watu wazima kidogo waliokwisha kufanya kazi ya utabibu zahanati. Tunapofika katika somo la kuharisha, tofauti yao huonekana waziwazi.

Kijana wa Kidato cha Sita hueleza osmosisi bila kusita: maji hupenya utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Lakini akionyeshwa mtoto aliyepungukiwa maji mwilini, hajui pa kutazama. Tabibu, kwa upande wake, huyatazama macho ya mtoto kama yamedidimia, humpa kikombe aone kama anakunywa kwa pupa, kisha huibana ngozi ya tumbo na kuangalia inavyorudi polepole. Hapo hapo huagiza maji ya chumvi na sukari. Ukimwuliza kwa nini chumvi haitoshi peke yake mpaka itiwe sukari, aghalabu hunyamaza.

Jibu ni hili. Katika utando wa seli za utumbo mwembamba imo protini inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Wazo hilo lilitolewa na mwanabiokemia Robert Crane mwaka 1960. Hata katika kipindupindu, njia nyingine zinapovurugika, mlango huo huendelea kufanya kazi: glukosi huingia na sodiamu, na maji hufuata nyuma. Ndiyo sababu mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 una glukosi na sodiamu kwa kiasi kinacholingana, milimoli 75 za kila kimoja katika lita moja ya maji.

Daktari kamili anahitaji elimu zote mbili, ya yule kijana na ya yule tabibu. Mtihani wa Kidato cha Sita hupima sehemu ya ile ya kwanza, tena kwa siku chache tu, na katika shule ambazo hazikujaliwa maabara na walimu kwa usawa. Hilo si sababu ya kuudharau. Asiyeijua kemia atapata taabu kubwa katika biokemia na famakolojia, na atakayeumia mwishowe ni mgonjwa. Ni sababu ya kukubali kwamba maarifa yaliyopungua mwezi Mei yanaweza kujazwa baadaye kwa njia nyingine.

Wenzetu wa mbali wamelijaribu jambo hili. Tangu mwaka 2001 chuo cha King's College London kimekuwa na mpango wa kuwapokea vijana wa shule zisizobahatika, wenye alama za chini kidogo kuliko za kawaida. Masomo ya mwaka wa kwanza hutandazwa katika miaka miwili, na mwanafunzi hupewa msaada wa karibu. Kiwango cha kuhitimu hakikupunguzwa. Walichoongezewa vijana hao ni muda.

Njia ya kwanza: kurudia mtihani

Njia hii yamfaa aliyekwama katika somo moja, kama yule mwenye E ya Kemia. Anaweza kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani tena. Gharama yake ni mwaka mmoja.

Ugumu wake uko katika mazoezi ya vitendo. Kemia haijifunzwi kwa kukariri daftari. Mtahiniwa ataketi mbele ya bureti na pipeti, naye asiye na shule hana maabara. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya mtihani, atafute kwanza kituo au shule itakayomruhusu kufanya mazoezi hayo. Aulize pia chuo anachokitaka hupokeaje matokeo ya vikao viwili vya mtihani. Na ajiulize kwa uaminifu ni nini kilichomwangusha mara ya kwanza. Anayerudia kwa mbinu zilezile aghalabu huvuna kilekile.

Njia ya pili: ngazi ya utabibu

Njia hii ni ndefu zaidi, na pengine ndiyo imara zaidi. Kijana husoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6 ya mafunzo ya ufundi. Sifa ya kuingia hutazamwa katika cheti cha Kidato cha Nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Wengi hulisahau jambo hili. Aliyeanguka Kidato cha Sita bado anacho cheti chake cha Kidato cha Nne, na cheti hicho hakijapoteza thamani.

Mwenye stashahada hiyo anaweza kuomba shahada ya udaktari akiwa na wastani usiopungua 3.0, yaani daraja B. Lakini hapo pana shimo ambalo wengi wametumbukia. Mwongozo humtaka pia awe na angalau D ya Kidato cha Nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Mwenye F ya Hisabati anaweza kusoma utabibu, akahitimu vizuri, akatibu watu kwa miaka mingi, kisha akazuiliwa mlangoni kwa sababu ya somo aliloliacha akiwa na miaka kumi na saba. Dawa yake ni kulirudia somo hilo mapema, wakati angali akisoma stashahada.

Sasa tuhesabu miaka. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, na mazoezi ya kazi chini ya usimamizi mwaka 1. Anayepitia Kidato cha Tano na cha Sita hutumia miaka 8 baada ya Kidato cha Nne. Anayekwenda utabibu moja kwa moja hutumia 9. Aliyemaliza Kidato cha Sita kisha akaanza utabibu hutumia 11, bila kuhesabu miaka ya kazi katikati. Miaka hiyo mitatu ya nyongeza si michache, hasa kwa mtoto wa mkulima, lakini mwisho wake humpa mtu taaluma na riziki hata kama hataendelea mbele.

Ngazi hii nchini kwetu ina historia. Mwaka 1963, mwaka uleule shule ya udaktari ilipofunguliwa Dar es Salaam, yalianzishwa pia mafunzo ya madaktari wasaidizi, waliochaguliwa miongoni mwa matabibu wenye uzoefu wa kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule uliofanywa na madaktari katika hospitali za wilaya za Tanzania. Haukuona tofauti kubwa katika matokeo kwa mama na mtoto. Utafiti huo haukusema kwamba shahada ni kazi bure, maana ulipima kazi ya aina moja tu. Lakini ulithibitisha kwamba mtu aliyepanda kutoka ngazi ya chini, akifundishwa vema, anaweza kukabidhiwa kisu.

Njia za kutahadhari

Kwanza, si kila stashahada ya afya hufikisha kwenye udaktari. Stashahada ya uuguzi au ya ufamasia huendeleza taaluma yake yenyewe. Ni taaluma za heshima, na anayezipenda azifuate. Lakini asiziingie akidhani ni uchochoro wa kuufikia udaktari. Asome mwongozo wa mwaka husika kabla ya kulipa.

Pili, wako mawakala wanaowaahidi wazazi nafasi za udaktari ng'ambo bila kujali alama. Mzazi asiuze shamba kabla ya kuuliza Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa, na Baraza la Madaktari Tanganyika kama mhitimu wake ataweza kusajiliwa. Shahada isiyosajiliwa haimruhusu mtu kumgusa mgonjwa.

Hitimisho

Kutangulia si kufika. Kijana aliyekosa alama mwezi Julai ana kazi tatu za kufanya kabla ya mwezi huo kwisha: kukitazama upya cheti chake cha Kidato cha Nne, kusoma mwongozo wa udahili yeye mwenyewe badala ya kusikia kwa watu, na kuamua kama angeridhika kubaki tabibu maisha yake yote endapo nafasi ya juu haitapatikana. Hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Anayejibu ndiyo na aianze ngazi. Wagonjwa wa zahanati wanamhitaji tangu siku atakapohitimu stashahada yake. Anayejibu hapana na achunguze moyo wake, kama alichokipenda ni kutibu au ni jina la daktari.

Maswali ya kujadili

1. Mwanafunzi ana B ya Biolojia, E ya Fizikia na C ya Kemia. Ana pointi ngapi? Je, ana sifa ya kuomba udaktari? Ungemshauri njia ipi?

2. Kwa nini maji ya chumvi pekee hayamsaidii mtoto anayeharisha kama yale yaliyotiwa sukari?

3. Katika wilaya yenu, ni nani huwatibu watu wengi zaidi, daktari au tabibu? Hilo lina maana gani kwa kijana anayechagua njia yake?