Rimoti ya Gari Ikikataa: Ifungue Kabla ya Kununua Nyingine

Gari nyingi zinazopita baina ya Mkoani, Chake Chake na Wete zilitumika kwanza Japani, tena kwa miaka. Rimoti iliyokuja na gari ina umri uleule, na tangu kufika kisiwani Pemba inaishi katika hewa ya unyevu na chumvi. Siku ikikataa, wengi huagiza mpya kutoka Unguja au Dar es Salaam. Fedha hiyo mara nyingi hupotea bure, kwani kilichokufa ni betri, au kutu imeshika bodi, au kitufe kimoja kimechoka. Fuata mpangilio huu bila kuruka, maana kazi nyepesi zimetangulia.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la rimoti

Toa ufunguo kwenye swichi ya kuwashia, funga milango yote, kisha jaribu ukiwa karibu na gari. Toyota nyingi hazikubali kufunga kwa rimoti ikiwa ufunguo umo kwenye swichi au mlango mmoja uko wazi. Tazama pia taa ya ndani, ukiwa umeiweka ile sehemu inayowaka mlango ukifunguliwa. Ikibaki inawaka ilhali milango imefungwa, basi swichi ndogo iliyo kwenye fremu ya mlango imeshika kutu, na gari inadhani mlango haujafungwa. Hapo isafishe swichi hiyo na rimoti iache.

Kisha bonyeza kitufe cha kufungia milango kilicho upande wa dereva. Milango isipoitika hata kwa kitufe hicho, angalia fyuzi na mota za vitasa.

Hatua ya 2: Ifungue kwa utulivu

Kaa mezani, tandika kitambaa cheupe, na fanyia kazi yako juu ya sinia ili kitakachoanguka kionekane. Ondoa skrubu kama ipo, kisha tafuta upenyo pembeni na uingize sarafu au bisibisi bapa. Zungusha taratibu, plastiki ya zamani hupasuka upesi.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Gari zenye ulinzi dhidi ya wizi huwa na chipu ndogo ndani ya ufunguo, na injini haiwaki bila gari kuitambua chipu hiyo. Haitumii betri ya rimoti, ndiyo maana gari huweza kuwaka hata rimoti ikiwa imekufa kabisa. Katika funguo nyingine chipu imefungiwa ndani ya plastiki. Katika nyingine imelazwa tu kwenye kijishimo, nyeusi na ndogo, na kuipoteza ni rahisi mno. Piga picha kwa simu mara tu unapofungua, uone kila kitu kilikaa wapi. Ukihamishia bodi kwenye kava jipya, hakikisha na chipu imehama. Kava la zamani usilitupe mpaka injini imewaka.

Hatua ya 3: Betri

Soma namba iliyoandikwa juu yake. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR1616 ina upana wa milimita 16 na unene wa 1.6. Nunua namba ileile, maana nyembamba hulegea na nene hupinda vibati. Mwombe muuzaji aipime kwa mita: mpya inatakiwa kuonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Betri iliyokaa miaka dukani ni mpya kwa karatasi yake tu.

Ile ya zamani usiiache ovyo nyumbani penye watoto. Betri ya kidonge ikikwama kooni huweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali papo hapo.

Hatua ya 4: Ondoa chumvi

Ukiona ukoko wa kijani au mweupe kwenye vibati na bodi, toa betri, lowesha mswaki laini kwa spiriti safi na usugue taratibu. Acha ikauke kabisa. Kama vibati vimelala, viinue kidogo ili viibane betri.

Rimoti iliyotumbukia baharini inahitaji haraka. Itoe betri hapohapo, kisha isuuze bodi kwa maji ya chupa ya kunywa ili chumvi iondoke, halafu spiriti, halafu kivulini siku mbili. Kuifukia kwenye mchele huiacha chumvi palepale, nayo huendelea kula shaba.

Hatua ya 5: Kitufe na lehemu

Bonyeza swichi iliyo kwenye bodi yenyewe, bila ule mpira wa juu. Ikifanya kazi, tatizo ni mpira au kava, na vyote hubadilishwa. Isipofanya, mpelekee fundi wa simu. Swichi ndogo za aina hii hupatikana kwenye redio mbovu, na kuibadilisha ni kazi fupi kwa mwenye mkono wa lehemu. Mwambie pia apitie upya maungio ya vibati vya betri, kwani rimoti iliyoanguka mara nyingi hupasuka hapo.

Hatua ya 6: Kuitambulisha tena kwa gari

Kubadilisha betri kwa kawaida hakuisahaulishi gari rimoti yake, basi jaribu kwanza. Ikibidi kuitambulisha, Toyota nyingi za ufunguo wa kuzungusha zina mpangilio wa kuchomeka na kuchomoa ufunguo, kufungua na kufunga mlango wa dereva, kisha kuzungusha swichi hadi ON. Tafuta mpangilio wa modeli na mwaka wa gari yako, na uhesabu vizuri: katika nyingi, mzunguko mmoja huongeza rimoti na miwili hufuta zote za zamani.

Ukilazimika kununua nyingine, uliza masafa. Rimoti za Japani hutumia takriban megahezi 312 hadi 315, za Ulaya aghalabu 433, na hazisikilizani. Kama una ufunguo mmoja tu, chongesha wa pili wenye chipu wakati huu ambapo wa kwanza bado unawasha injini, kwani fundi hunakili kwa urahisi akiwa na chipu hai mkononi.