Mfalme aliyekuwa bado ananyonya

SWALI: Nasikia China ilitawaliwa na watoto wadogo. Uganda je, yalishawahi kutokea? Msomaji, Kimaka, Jinja.

JIBU: Yametokea, tena zaidi ya mara moja. Puyi alikalishwa kwenye kiti cha enzi Beijing mwaka 1908 hajatimiza miaka 3. Buganda ilimtangulia: Agosti 1897 Waingereza walimwondoa Kabaka Mwanga aliyewaasi, wakamweka mwanawe, Daudi Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja tu.

Mtoto hatawali. Waliotawala ni walezi watatu wa kiti: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba wa 1900 uliogawa ardhi ya Buganda waliutia saini wao kwa niaba ya Kabaka wa miaka 3, na wao wenyewe wakaondoka na mashamba makubwa. Hapo ndipo penye utamu wa mfalme mchanga, kwa wanaomzunguka! Chwa alikabidhiwa madaraka mwaka 1914, alipofikisha miaka 18.

Toro nako, Oyo alitawazwa Septemba 1995 akiwa na miaka 3. Katikati ya sherehe aliteremka kwenye kiti, akakimbilia mapajani kwa mama yake.

Kwenu Busoga, Kyabazinga huchaguliwa na machifu wa kurithi, hivyo ugomvi huwa mwingine kabisa: alipofariki Henry Wako Muloki mwaka 2008, mvutano wa kumpata mrithi ulidumu hadi 2014, alipopatikana William Nadiope, kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima.