Mtu Mzima Apimwe kwa Kazi Yake

Twakubali sote kwamba kumfundisha mtu mzima kusoma ni jambo jema. Lakini mara chache twajiuliza atapimwaje. Kwa mazoea twasema: apewe mtihani, asahihishwe kwa wino mwekundu, apate alama kama mtoto wa darasa la kwanza. Mazoea hayo huwakimbiza darasani watu ambao herufi hazikuwashinda.

Mtazame mama auzaye nyanya na mchicha Kariakoo, kando ya barabara ya Msimbazi. Hesabu ya mafungu na chenji anayo kichwani. Asichoweza ni kuandika jina la mdaiwa wake, kusoma risiti ya ushuru, na kujua tarehe ya kliniki katika kadi ya mtoto. Ukimwandikia ubaoni saba jumlisha tano, wampima analolijua tangu zamani. Ukimsomesha hadithi ya sungura kwa sauti mbele ya wenzake, wamwaibisha bure.

Nchi yetu ililitambua jambo hili mapema. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vitabu vya kisomo vikatungwa kwa kufuata kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wenye hatua nne. Aliyefikia hatua ya nne alipaswa kuweza kusoma gazeti, kuandika barua, na kuweka hesabu ya mapato na matumizi yake. Kipimo hicho kilikuwa chema, maana kiliangalia matumizi.

Hata hivyo, mtihani humpima mtu siku moja tu. Mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa wasiojua kusoma walikuwa chini ya 10 katika 100. Sensa ya mwaka 2002 ikakuta watu wazima kama 3 katika kila 10. Sababu zilikuwa nyingi, wakiwamo vijana waliokosa shule. Lakini mojawapo haina ubishi: kisomo kisichotumika hupotea.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, mwanafunzi mwenyewe aseme tangu mwanzo anataka kuweza nini: kusoma dawa, kutuma fedha kwa simu bila kumpa mwingine namba yake ya siri, au kutia sahihi mkataba anaouelewa. Pili, apimwe kwa jambo hilo hilo, kwa daftari lake la biashara, naye akiyaona makosa yake kabla ya mwalimu kuyataja. Tatu, alinganishwe na alivyokuwa mwezi uliopita, si na jirani yake.

Nanyi vijana mliosoma, mama akiandika polepole nyumbani, msimcheke wala msimnyang'anye kalamu. Mwulizeni tu: leo umeweza nini ambacho jana hukukiweza? Swali hilo ni kipimo tosha.